Karani wa Masjala na Mtandao wa Ndani: Historia ya Swali la Jina katika Mawasiliano ya Watumishi wa Chuo Kikuu



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mlipoisoma mada ya mhadhara huu mlijiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na mtandao wa ndani wa watumishi. Mtandao wa ndani, au intraneti kama wengi wanavyouita, ni ile sehemu ya mawasiliano ya kompyuta ambayo mtumishi wa taasisi huiingia kwa nywila yake ili apate fomu, nyaraka, namba za simu, ratiba za vikao na hati ya mshahara wake. Kwa desturi jambo hili huachiwa mafundi wa kompyuta, na mafundi wenyewe hulichukulia kuwa suala la mashine na waya. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba chuo kikuu kikubwa kinapotaka mtandao wa ndani ulio mwepesi kutumia, ugumu wa kwanza kinaokutana nao ni wa lugha: kitu fulani kiitwe jina gani, na afanyeje yule mtumishi anayekiita kwa jina jingine? Swali hili lina historia ndefu kuliko kompyuta, na sisi wa taaluma za Kiswahili tuna sehemu yetu ndani yake, ya lawama na ya mchango pia.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya usemi “rafiki kwa mtumiaji”, ambao umeenea katika matangazo na ripoti za teknolojia. Usemi huo ni tafsiri ya neno kwa neno, na binafsi sijauzoea. Kwa Mswahili, kifaa hakiwi rafiki; huwa chepesi au kizito kutumia, hushikika au hakishikiki. Nitasema “wepesi wa kutumia”, na atakayependelea “utumikaji” simkatazi.

2.0 Masjala kama mtandao wa kwanza

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikajitegemea tarehe 1 Julai 1970. Kama ofisi nyingine za umma zilizorithi taratibu za utawala wa Waingereza, vyuo vyetu vilipokea masjala. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuandikisha na kusajili. Jalada nalo linatokana na neno la ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyofunikia vitabu. Na waraka ni karatasi, ambayo katika Kiarabu hubeba pia maana ya jani. Kwa hiyo msamiati wa kutunza kumbukumbu haukuletwa na mkoloni. Alikuta watu wa pwani wana barua, hati na daftari, akaongeza faili na namba zake.

Masjala ilikuwa mfumo kamili. Kila jambo lilifunguliwa jalada lenye namba, na kila barua ndani yake ikapewa namba ya ukurasa. Ofisa aliyetaka maamuzi ya mkubwa wake aliandika dokezo, na jalada likasafiri mikononi mwa tarishi kutoka meza hadi meza, huku safari yake ikiandikwa ili lisipotee. Palikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri, maana yake mpango wa nani aruhusiwe kuona nini ulikuwapo tayari. Anayesoma leo maelezo ya watengenezaji wa mitandao ya ndani kuhusu uhifadhi, ufuatiliaji na idhini atakuta mambo ambayo karani wa mwaka 1965 aliyafanya kwa rula na wino.

Ila karani alifanya jambo moja zaidi, ambalo halikuandikwa katika mwongozo wowote wa kazi ninaoufahamu. Mhadhiri aliingia akasema, “Shikamoo mama. Naomba lile jalada la mgogoro wa maji.” Akajibiwa, “Marahaba, mwalimu. Lile la mwaka juzi, au hili jipya lililoko kwa Msajili?” Hakuna jalada lililoandikwa juu yake “mgogoro wa maji”. Jalada lilikuwa na namba na kichwa cha Kiingereza kuhusu matengenezo ya majengo. Karani ndiye aliyeyachukua maneno ya mwombaji, yawe ya Kiswahili, ya Kiingereza au ya mchanganyiko, akayageuza kuwa namba. Alimhudumia dereva kwa maneno ya dereva na profesa kwa maneno ya profesa. Tulipohamisha majalada kwenda kwenye kompyuta tulihamisha namba, vichwa na karatasi. Kazi hii ya kugeuza maneno hatukuihamisha, kwa sababu hatukuwa tumetambua kwamba ni kazi.

3.0 Mambo yaliyojifunzwa kwingineko

Wenzetu wa nje walikumbana na tatizo hilihili. Mwezi Machi 1989, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na jiji la Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo la namna ya kutunza taarifa za kituo. Hoja yake ya msingi ilihusu watumishi: watafiti wengi walikaa kituoni kwa muda mfupi, yapata miaka miwili, na kila mmoja alipoondoka aliondoka na habari kichwani mwake. Tunasahau mara nyingi kwamba wavuti, ambayo leo ni ya dunia nzima, ilianza ikiwa jawabu la mawasiliano ya ndani ya taasisi moja kubwa. Tena kilichowavuta watumishi wa CERN kuitumia hakikuwa makala za fizikia. Kilikuwa kitabu cha namba za simu, kilichowekwa kwenye wavuti mwaka 1991 ili mtu asilazimike kuingia katika kompyuta kuu kwa njia ya mzunguko kila anapotaka namba ya mwenzake. Watu walianza na kile walichokiulizia kila siku.

Mwaka 1994 Jakob Nielsen na Darrell Sano walieleza jinsi walivyosanifu mtandao wa ndani wa kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani. Hawakuanza kwa kuchora kurasa. Waliandika majina ya huduma kwenye kadi, wakawapa watumishi wazipange katika mafungu kadiri walivyoona zinahusiana, wakawataka wayape mafungu hayo majina. Baadaye waliwaonyesha alama za picha zisizo na maandishi na kuwauliza kila moja ina maana gani. Baadhi zikabidi kuchorwa upya kwa kuwa watu walizielewa vingine. Mwanaisimu anayeisoma taarifa hiyo hawezi kukosa kutambua mbinu zake mwenyewe za uwandani: kumkalisha msemaji, kumwonyesha kitu, kumwuliza anakiitaje, na kuandika jibu lake bila kumsahihisha.

Hata hivyo, utafiti unaotuhusu zaidi ni wa kabla ya hapo. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake watatu, Thomas Landauer, Louis Gomez na Susan Dumais, walichapisha makala kuhusu kile walichokiita tatizo la msamiati kati ya watu na mifumo. Waliwauliza watu wakitaje kitu kimoja kwa neno ambalo lingewajia lenyewe: vitendo vya kuhariri maandishi, mapishi, matangazo ya kuuza na kubadilishana vitu. Walikuta kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile ulikuwa chini ya 0.20. Kwa maneno mengine, msanifu akikaa ofisini akachagua jina moja analolipenda yeye, hata kama ni jina zuri, watumiaji watashindwa kulipata mara 80 hadi 90 kati ya 100. Watu hao walikuwa wasemaji wa lugha moja. Hawakuwa na Kiingereza cha waraka mkononi na Kiswahili cha barazani mdomoni, kama tulivyo sisi.

Dawa waliyoipendekeza haikuwa kutafuta jina bora zaidi. Walisema mfumo uyakubali majina mengi kadiri inavyowezekana, yote yaelekeze kwenye kitu kimoja. Wakutubi walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani: Charles Cutter, ambaye kanuni zake za kutengeneza katalogi zilitoka mara ya kwanza mwaka 1876, alisisitiza kwamba raha ya msomaji itangulie mbele ya wepesi wa kazi ya mkutubi, na kadi za “tazama” na “tazama pia” ndizo zilizomwongoza msomaji kutoka kwenye neno lake hadi kwenye neno la maktaba.

4.0 Usanifishaji na uzito wake

Hapa ndipo penye lawama niliyoitaja. Historia ya taaluma yetu, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ni historia ya kusanifisha. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 2009 ikaingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwezi Januari 1967 Makamu wa Rais Rashidi Kawawa alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Ofisi zilihitaji maneno, na zilihitaji kila ofisi itumie neno lilelile. Kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja tuliipokea kutoka kwa wanaistilahi wa Ulaya, nasi tuliifuata kwa bidii. Sioni sababu ya kuijutia. Bila kazi ile, pengine leo tungekuwa tunaandika dokezo kwa Kiingereza hata katika wizara.

Lakini kanuni inayomfaa mwandishi wa waraka siyo lazima imfae mtafutaji wa waraka. Mwandishi huchagua, mtafutaji hubahatisha. Tukichukua istilahi sanifu tukaziweka kwenye mtandao wa ndani, na tukafunga mlango kwa maneno mengine yote, tutakuwa tumemfanyia mtumishi mtihani wa msamiati kila anapodai haki yake.

Nitoe mfano niliouona mwenyewe katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilialikwa kuutazama mtandao wao mpya wa ndani. Ukurasa wa mbele ulipangwa kwa kurugenzi, kama ule mchoro wa muundo wa chuo unaotundikwa ukutani mwa ofisi ya utawala. Niliwaomba watu watatu, dereva, katibu muhtasi na mhadhiri, wanitafutie fomu ya masurufu. Dereva aliandika “pesa za safari”. Katibu muhtasi aliandika neno la Kiingereza, kwa kuwa ndilo lililo juu ya fomu ya karatasi aliyoizoea. Mhadhiri aliandika “safari” tu. Hakuna aliyeipata. Fomu ilikuwapo, tena kwa jina sahihi la Kiswahili, ndani ya kurugenzi ya fedha, ndani ya nyaraka, ndani ya fomu, ikitambulishwa kwa namba. Dereva alipaswa kusafiri alfajiri ya siku ya pili. Aliinuka, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, ngoja nimwone mama wa masjala.” Akamkuta, akaipata.

Kisa hiki hakiwahukumu waliochagua neno “masurufu”. Ni neno zuri, na ofisi za serikali zimelizoea. Kosa lilikuwa kudhani kwamba neno likishakuwa sahihi limeshapatikana. Vivyo hivyo likizo: wako wanaosema likizo, wazee wanaosema livu, na wanaoita kila kutokuwapo kazini ruhusa. Fomu za mapitio ya utendaji kazi zilizotumika Tanzania kwa miaka mingi tangu 2004 zilikuwa na jina refu la Kiswahili, ila ofisini kila mtu alisema “opras”, na karatasi ya kutangaza siku ya mwisho ya kuzirudisha iliandikwa hivyohivyo. Mtandao usiolijua neno “opras” ungekuwa na Kiswahili safi, na usingekuwa na wasomaji.

Katika msamiati wa kompyuta wenyewe hali ni hiyohiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioihusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa hatua kubwa: amri zote za kuandika na kuhesabu, kwa mara ya kwanza kwa wengi, zilisomeka kwa lugha yetu. Maneno yaliyoshika ni yale yaliyokwisha kuwa na maisha. Kupakua kulikwisha fahamika bandarini, na jikoni pia mbele ya sufuria. Kuchakata kulikuwa kazi ya mkonge kabla ya kuwa kazi ya data. Mengine yanaendelea kugombana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi, nywila na neno la siri, kiungo na linki. Mkenya aliyesoma tarakilishi shuleni akiajiriwa Dar es Salaam atakuta kompyuta, na mfumo unapaswa kumwelewa bila kumrekebisha.

5.0 Kutafuta katika lugha yenye viambishi

Nimekwisha zungumza juu ya lawama. Nije kwenye mchango. Mitambo mingi ya kutafuta ilitengenezwa kwa kuizingatia lugha ya Kiingereza. Kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980 hulipunguza neno kwa kukata mwisho wake, jambo linalotosha kwa lugha ambayo mabadiliko yake mengi hutokea mwishoni. Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Mtumishi akiandika “malipo”, anatarajia kupata pia waraka wenye “kulipwa”, “walipwe”, “mlipaji” na “hawajalipwa”. Mtambo unaokata mwisho tu huyaona haya kuwa maneno matano yasiyojuana. Na mtambo utakaofundishwa kwa pupa kwamba kila penye “lip” pana undugu utamletea mtu anayedai malipo yake taarifa za milipuko, kwa sababu kulipua nako kumo humo.

Tatizo hili wanakamusi wanalifahamu vema. Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1939 aliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake, na mwanafunzi asiyejua mzizi alipata taabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimpa msomaji nafuu kwa kuyaorodhesha maneno mengi mahali pake kialfabeti. Mvutano huo baina ya mantiki ya lugha na njia ya mtafutaji ndio uliorudi sasa kwenye skrini.

Tena jawabu la kiufundi limekuwapo kwa muda mrefu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, akitumia kanuni za ngazi mbili zilizoasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Programu ya namna hiyo hulitenga neno “hawajalipwa” katika viambishi vyake na kuufikia mzizi bila kuuchanganya na mwingine. Kinachonishangaza ni kwamba vyuo vinavyofundisha mofolojia hiyo darasani hununua mitandao ya ndani isiyoijua, na hakuna anayeiuliza idara ya Kiswahili iliyoko jengo la pili. Pengine nasi hatujawahi kupiga hodi.

6.0 Daftari la karani

Ningependa kupendekeza jambo moja tu, nalo halihitaji fedha nyingi. Kabla chuo hakijatangaza zabuni ya mtandao wa ndani, wanafunzi wetu wa isimu wakae masjala, mapokezi, ofisi ya mishahara na karakana ya magari kwa mwezi mmoja, waandike kila ombi kama lilivyotamkwa. Wasisahihishe lugha ya mtu. Kila neno lililotamkwa lifungwe kwenye waraka uliotolewa. Jina sanifu libaki kuwa ndilo linaloonekana juu ya ukurasa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili mtumishi alijue na alizoee. Majina mengine yote yakae chini kwa chini, yakimwongoza. Kwa njia hiyo usanifishaji haupotezi kitu, na mtumishi hapotei njia.

Kazi hii ina haraka yake, kwa sababu makarani waliolelewa na masjala za karatasi wanastaafu, na wanaoajiriwa sasa hukabidhiwa kompyuta siku ya kwanza. Nilipomtembelea mmoja wao aliyebakiza miezi michache ya utumishi, alinionyesha daftari la kurasa ngumu alilolianza mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, pale alipochoka kuulizwa. Kwenye ukurasa wa herufi M ameandika kwa wino wa buluu: “Mabomba, tazama Miliki.” Chini yake: “Maji, tazama Miliki.” Kisha, kwa wino mweusi, wa miaka ya baadaye: “Mchwa, tazama Miliki.” Nilimwomba ruhusa nilinakili. Alikubali, ila alinitaka nimsubiri amalizie herufi N, kwa kuwa asubuhi ile kuna kijana alikuwa amemwuliza habari za nyufa.